Gari ya turbo: kwa nini isizimwe papo hapo baada ya mwendo mrefu

Katika Ujerumani, sehemu kubwa ya barabara kuu zinazoitwa Autobahn haina kiwango cha mwisho cha mwendo. Tangu mwaka 1978 madereva wanashauriwa wasipite kilomita 130 kwa saa, lakini ni shauri tu, hapana amri. Ndiyo maana gari za mbio zenye turbo za miaka ya 1970 na 1980, kama vile Porsche 911 Turbo, zilipata nafasi ya kukimbia huko kwa muda mrefu bila kupumzika. Na ni huko pia udhaifu wa turbo ya zamani unaonekana wazi: inavumilia mwendo, lakini haivumilii kusimamishwa vibaya.

Hiyo Porsche iko mbali na milima ya Kivu. Lakini kifaa kinachoipa nguvu ni cha aina moja na kile kilicho ndani ya Fuso nyingi na jeep za mazutu zinazopanda Kabasha ao Ngomo zikiwa na mzigo. Somo lake ni moja.

Turbo inafanya kazi gani?

Moteri inachoma mafuta pamoja na hewa. Ikipata hewa nyingi zaidi, inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Mwaka 1905 injinia wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya kulinda wazo lake la kutumia moshi unaotoka kwenye moteri, ambao ulikuwa unapotea bure.

Moshi ule unasukuma gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeshikwa na chuma kimoja chembamba, na upande wa pili wa chuma hicho kuna gurudumu lingine linalovuta hewa na kuisukuma ndani ya moteri kwa nguvu. Chuma hicho kinaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kinachokizuia kisikwaruzane na vyuma vingine ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri, basi. Mafuta hayo yanalainisha, na tena yanapoza.

Porsche 911 Turbo ilionyeshwa Paris mwaka 1974, na ilianza kuuzwa mwaka 1975 ikiwa na moteri ya lita 3 na nguvu za farasi 260. Baadaye ikapewa moteri ya lita 3,3 yenye farasi 300, pamoja na radiateri ya kupoza hewa kabla haijaingia ndani ya moteri. Lakini moteri yenyewe haikuwa na maji. Ilipozwa kwa upepo na mafuta, na ndiyo maana ilibeba mafuta mengi, karibu lita 13.

Tatizo ni joto linalokaa

Mjini, dereva anakanyaga mafuta kwa sekunde chache tu, kisha anaachia. Joto linaingia, joto linatoka. Kwenye Autobahn, mtu anayeshikilia kilomita 200 kwa saa kwa nusu saa nzima haachi nafasi ya kupoa. Katika moteri ya esansi inayofanya kazi kwa nguvu zote, moshi unaoingia kwenye turbo unaweza kufika digrii 900 na zaidi. Chuma cha turbo kinakuwa chekundu kama mkaa.

Wakati gari inaendelea kukimbia, mambo yako sawa, juu mafuta ya moteri yanapita bila kukatika na kubeba joto. Hatari inakuja dereva anapoingia kwenye kituo cha esansi na kuzima palepale. Pompa ya mafuta inasimama. Mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya turbo hayasogei tena. Wakati huo joto la chuma kile chekundu linahamia katikati, pale mafuta yalipo. Wengi hawajui jambo hili: baada ya kuzima moteri, katikati ya turbo joto linapanda kwanza kabla ya kushuka.

Mafuta yale yanaungua na kugeuka masizi magumu. Siku moja haiharibu kitu. Lakini masizi yanajijenga kidogo kidogo, yanaziba njia ndogo ya mafuta, na chuma kinachozunguka kinaanza kukosa ulainisho. Mwisho wake turbo inakufa.

Katika miaka ya 1980 makampuni mengi yalianza kupitisha maji kwenye turbo. Porsche 944 Turbo, iliyotoka mwaka 1985, ilipewa hata pompa ndogo ya umeme iliyoendelea kuzungusha maji baada ya moteri kuzimwa. Lakini turbo nyingi za zamani hazina msaada huo. Zinamtegemea dereva.

Na huku kwetu?

Moshi wa mazutu kwa kawaida hauna joto kali kama ule wa esansi. Lakini lori lenye mzigo linalotoka uwanda wa Rwindi na kupanda Kabasha mpaka Kanyabayonga linafanya kazi ileile: moteri inasukuma kwa nguvu muda mrefu, na upepo wa kupoza ni kidogo sababu mwendo ni mdogo. Tena hewa ya milimani ni nyepesi, kwa hiyo turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili kupata hewa ileile. Dereva akifika juu na kuzima mara moja, amefanya sawa na yule wa Autobahn.

Dawa yake haina bei. Kilomita ya mwisho, endesha polepole bila kukanyaga sana. Ukisimama, acha moteri izunguke yenyewe dakika mbili ao tatu, kisha zima. Asubuhi pia, usikanyage sana mara tu baada ya kuwasha; acha mafuta yafike kwanza. Na mafuta ya moteri yabadilishwe kwa wakati wake, pamoja na filtre. Mafuta machafu yanaacha masizi haraka.

Dalili za turbo inayochoka ni moshi wa bluu, mafuta yanayopungua bila kuvuja chini, mlio mkali kama filimbi usiokuwepo zamani, na gari kukosa nguvu mlimani. Usingoje. Mafuta yakivuja juu ya turbo ya moto yanaweza kuwaka. Na yakiingia ndani ya moteri ya mazutu, moteri inaweza kuanza kuyachoma kama mazutu, ikazunguka kwa kasi hata ukiondoa ufunguo.

Mipira ya gari nayo haipendi joto linalokaa. Mipira mizee inaweza kupasuka kwenye mwendo mrefu hata kama meno yake bado ni marefu. Unaponunua ya mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019.

Dakika tatu za kungoja zinaonekana nyingi kwa mtu mwenye haraka. Lakini ni chache kuliko siku mbili za kulala njiani na mzigo unaooza.