Nasaba na Mishipa ya Moyo

Mtoto wa Kisomali, awe wa Garissa, Wajir au Mandera, hufundishwa angali mdogo kuhesabu majina ya babu zake, baba baada ya baba, hata akafika kumi na zaidi, na ilimu hiyo, ambayo wenyewe huiita abtirsi, ndiyo imtambulishayo popote aendapo. Lakini damu hurithisha mengi kuliko majina. Na katika urithi huo umo pia wepesi au uzito wa kupatwa na maradhi ya mishipa iulishayo moyo, ambayo njia yake husongwa kidogo kidogo na mafuta yaliyoganda katika kuta zake, mpaka siku donge la damu linapoiziba na sehemu ya moyo ikafa.

Mwaka 1962 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi wa Lapiccirella na wenzake juu ya wafugaji wa Somalia walioishi kwa maziwa ya ngamia karibu peke yake, lita kadhaa kila siku, na ajabu ni kwamba maziwa hayo, pamoja na mafuta yaliyomo, hayakuwaletea dalili za maradhi hayo. Miaka hiyo hiyo tabibu A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, aliwapima Wasamburu, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini. Je, ilikuwa nasaba, au kutembea kutwa nyuma ya mifugo? Sehemu ya jawabu aliipata kwa morani wa Kisamburu walioandikwa jeshini, kwani walipozoea maisha ya kambini shinikizo lao la damu lilipanda, ilhali babu zao walikuwa ni wale wale.

Hata hivyo nasaba si jambo la kupuuzwa. Ini lina vipokezi vinavyoinasa kolesteroli mbaya na kuiondoa katika damu, na ipo protini iitwayo PCSK9 ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi hivyo. Mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas walionyesha kwamba Wamarekani weusi wapatao 2.6 katika kila 100 wamerithi jeni ya protini hiyo ikiwa na hitilafu. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na maradhi ya moyo kwa asilimia 88. Hitilafu iliyo rehema! Wapo kwa upande wa pili waliorithi vipokezi vibovu, yapata mtu mmoja katika kila 250 au 300 duniani, na hao huweza kushikwa na maradhi ya moyo wangali vijana.

Amma jeni nyingine za hatari, ambazo idadi yake imepita mia, zimetafutwa zaidi katika damu ya Wazungu. Alama iliyogunduliwa mwaka 2007 katika kromosomu ya 9, mashuhuri kwao, haikuonekana na nguvu ile ile kwa watu wa asili ya Afrika. Maana Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za urithi kuliko watu wote, na mizani iliyotengenezwa kwa wengine huwapima vibaya. Naona ni dhulma kwamba watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya hawamo ipasavyo katika hesabu hiyo.

Na maisha yao yamebadilika. Katika soko la Garissa akina mama wangali wakiuza maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi uliofukizwa katika vyombo, lakini hatua chache kutoka hapo chai hukorogwa sukari mpaka ikawa nzito, na sahani ya baasto, yaani tambi, huliwa na mtu atakayeketi mpaka magharibi.

Basi, msomaji, unapohesabu babu zako, ulizia pia walikufa kwa nini. Wala usiishie kwa baba, kama ifanyavyo abtirsi, kwa kuwa nusu ya urithi wako umetoka kwa mama. Mwenye baba au kaka aliyepatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, na aende akapimwe kolesteroli na shinikizo la damu angali mzima.