Kahawa Ilikufa, Nyumba Ingali Imesimama

Zahabu ikiisha fasi moja, nini kinabaki nyuma? Kijana aliyefanya kazi kwenye machimbo ya Misisi anaweza kujibu: kuko mashimo, na kuko vibanda vya miti na turubai vinavyongoja mvua iviangushe. Feza ilipita mikononi mwa watu wengi, lakini mara nyingi haikugeuka kuwa ukuta.

Sasa tuangalie fasi nyingine, ambako kazi ilishindwa kabisa lakini nyumba imebaki, na sheria ya nchi inailinda. Ni nyumba ya shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kule Kenya. Ina mambo ya kutufundisha sisi tunaojenga Mboko, kati ya mlima na ziwa.

Ilijengwa namna gani?

Ilijengwa mwaka wa 1912 na enjenia wa Uswidi, Åke Sjögren. Mwaka wa 1917 ikawa mali ya bwana na bibi Blixen. Bwana, Bror, alikuwa mtu wa Uswidi. Bibi, Karen, alitoka Denimarki. Baadaye bibi alibaki kuendesha shamba peke yake.

Usifikiri ni jumba la ghorofa. Hapana, ni nyumba ya chini tu, ndefu, yenye vyumba vipana. Kuta zake ni za mawe ya kijivu, na juu yake kuko vigae vya udongo, siyo manjanja. Kuko baraza iliyofunikwa vizuri. Chumba cha kulia chakula kinaangalia magharibi, na madirisha yake marefu yanafunguka kama milango. Jiko liko katika nyumba ndogo ya peke yake, ili moshi na hatari ya moto vikae mbali na vitanda.

Kila kitu pale kina sababu yake. Shamba liko juu ya mita 1,800, na usiku kuko baridi kali. Jiwe nene linapata joto polepole na kulipoteza polepole. Mchana ndani kunakuwa baridi kidogo, na usiku ukuta unatoa joto ulilolishika. Ndiyo maana waliweka pia fasi ya kuwasha moto ndani ya sebule. Ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi tu. Mtu wa Mboko akiweka moto sebuleni, majirani watamcheka! Lakini baraza pana inayokinga ukuta na jua na mvua, na jiko la mbali, hayo yanatufaa sana. Fundi mwenye akili haigi sura ya nyumba. Anauliza kwanza sababu yake.

Kahawa ilishindwa

Shamba lilikuwa na ekari 600 za kahawa, ni kusema karibu hektari 240. Lakini pale ni juu mno kwa kahawa. Mvua ilikosa, baridi iliharibu maua, nzige walikuja. Mwaka wa 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua. Halafu bei ikaanguka katika dunia nzima. Mwaka wa 1931 shamba liliuzwa, na bibi Karen akarudi kwao Denimarki mikono mitupu. Mnunuzi alikatakata udongo kuwa parseli za ekari 20 kwa ajili ya kuuza.

Hapo tuseme ukweli juu ya watu wengine. Familia nyingi za Wakikuyu ziliishi juu ya shamba lile na kulifanyia kazi siku kadhaa kila mwaka. Wao hawakuwa na nyumba ya mawe. Tena hawakuwa na karatasi yoyote ya udongo, ingawa Wakikuyu walikuwa wenyeji wa nchi ile. Shamba lilipouzwa waliambiwa watoke. Bibi Karen alizunguka ofisi za serikali akiwaombea wakae pamoja, na mwishowe walipewa sehemu katika msitu wa Dagoretti. Unaona, ndugu? Udongo ulikuwa wa babu zao, lakini aliyekuwa na karatasi ndiye aliyeuza.

Mawe hayajilindi

Wengine watasema nyumba ilibaki juu ya mawe tu. Siyo hivyo. Jiwe bila dari linaota majani, na baada ya miaka michache watu wanakuja kulibeba kwenda kujenga msingi wao. Nyumba ile ilibaki kwa sababu haikukosa mtu wa kuitunza. Mwaka wa 1935 ofisa wa jeshi la Uingereza aliinunua. Mwaka wa 1964 serikali ya Denimarki iliitoa zawadi kwa Kenya iliyopata uhuru, na ikatumika katika shule ya mafundisho ya chakula bora. Mwaka wa 1985 ilitoka filamu juu ya maisha ya bibi Karen, na mwaka wa 1986 nyumba ikafunguliwa kama makumbusho. Vyombo vingi alivyoviuza wakati wa kuondoka vilitafutwa na kurudishwa ndani.

Kenya ina sheria ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na mali ya urithi. Jengo likiandikwa chini yake, mtu hawezi kulibomoa wala kuligeuza anavyotaka. Kongo yetu pia ina sheria: ni ile namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, ya kulinda mali ya utamaduni. Kwa hiyo mlango uko. Lakini serikali haiwezi kulinda kitu ambacho hata wenyeji wake hawakijui.

Tufanye nini?

Nyumba za zamani ziko kwetu pia: za misioni, za shule, za wafanyabiashara wa zamani. Vita vilibomoa nyingi, na watu walikimbilia ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Ile iliyobaki, tengenezeni dari yake kabla ya masika. Msiiache tupu, hata darasa la kusoma au la kushona linaifaa. Karatasi ya parseli muitunze, na kopi yake ikae kwa mtu mwingine.

Na ninyi vijana, chukueni daftari na kamba ya kupimia. Nendeni kwa wazee, muulize: ilijengwa mwaka gani? Fundi alikuwa nani? Mawe yalitoka mto gani? Nani walibeba? Andikeni majina hayo yote, ya wabebaji pia, maana wao ndio wanaosahauliwa upesi.

Na kama mwezi huu umepata gramu kadhaa za zahabu, usizimalize zote sokoni. Anza na mawe ya msingi.