Mtaliano wa mume wangu

*Meseji moja kwenye simu ilinikosesha usingizi siku tatu. Leo hii najua helikopta za plastiki kuliko ninavyojua vitenge! Mhariri wako anakusimulia ilivyokuwa, na anakulinganishia viwanda ili usitupe hela yako.*

Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Saa nne usiku, mume yuko bafuni, simu yake iko mezani. Sina tabia ya kupekua simu ya mtu, lakini kioo kiliwaka chenyewe, na macho hayana pazia. Meseji ilisomeka hivi: "Braza, Mtaliano wako amefika. Mzuri balaa! Mjapani bado yuko njiani. Njoo na elfu themanini umchukue."

Nikaishiwa nguvu.

Kiswahili chetu hiki hakina msaada kwenye mambo kama hayo. "Amefika" anaweza kuwa mwanamume, anaweza kuwa mwanamke. Na kwa jinsi siku zile baba watoto alivyokuwa anajifungia chumba cha uani mpaka saa sita usiku, halafu kwenye bahasha ya ada ya mtoto kukawa na pungufu lisilo na maelezo, mimi hesabu nilishaifunga: nyumba ndogo, tena ya Kizungu!

Jumamosi nikafungua mlango wa uani bila hodi. Nikamkuta ameinama chini ya taa, kibano mkononi, anabandika kiti kidogo kama punje ya mchele ndani ya helikopta. Mtaliano kumbe ni Italeri, kiwanda cha modeli kilichoanzishwa mwaka 1962, kiko karibu na mji wa Bologna. Mjapani naye ni Hasegawa. Hao ndio wake wenzangu!

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikauliza, "Sasa mambo ya kunificha yametoka wapi?" Akajibu bila kuinua uso, "Si ulinicheka."

Ni kweli. Boksi lake la kwanza alilileta sebuleni siku tulipokuwa na wageni, na mimi nikasema mbele ya rafiki zake kwamba mwenzenu na ndevu zake bado anachezea midoli. Wote tukacheka, yeye pia. Tangu siku ile akahamia uani, na hela nayo ikahamia uani pamoja naye.

Usiku ule tuliongea mpaka taa za majirani zikazimwa. Tukakubaliana mambo mawili: kila boksi litaingia kwa mlango wa mbele, na moja tutalijenga wote wawili. Moja likazaa sita. Haya hapa niliyoyaona mezani kwangu.

Kwanza, elewa skeli

Kwenye kila boksi utaona namba kama 1/72 au 1/48. Maana yake, helikopta halisi ni ndefu mara 72, au mara 48, kuliko hiyo uliyoshika. Namba ya chini ikiwa ndogo, modeli inakuwa kubwa. Watu wengi hujikwaa hapo.

Chukua Huey, ile helikopta ya Kimarekani ya vita vya Vietnam, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1956 na kuundwa zaidi ya 16,000. Toleo lake la mwili mrefu lina mapanga yanayozunguka kwenye duara la upana wa mita 14.6. Kwa 1/72, hiyo ni sentimita 20, inakaa juu ya redio. Kwa 1/48 ni sentimita 30. Kwa 1/35 ni sentimita 42, na kwa 1/32 ni sentimita 46. Hapo unahitaji kabati lake peke yake, na ukumbuke mapanga yanachukua nafasi pande zote. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, shika futi, pima shelfu.

Mchina: wa wikiendi moja

Tulianza na Hobby Boss, kiwanda cha China. Wana mfululizo wa 1/72 uliotengenezwa makusudi uwe rahisi: vipande ni vichache na bodi haikusumbui kichwa. Tulichukua Huey ya mwili mfupi. Tulianza Jumamosi baada ya chai, Jumapili jioni ikawa imesimama kwa miguu yake, imebaki rangi tu. Ukichungulia ndani hukuti mambo mengi, na hiyo ndiyo bei ya urahisi.

*Anamfaa nani?* Wewe unayeanza, na wapenzi mnaotaka kumaliza kitu pamoja kabla hamjagombana.

Mtaliano: mstaarabu wa bei ya kati

Italeri anayo Huey ya skeli hiyohiyo ya 1/72, ila ni ile ya mwili mrefu, UH-1D. Ukiziweka pamoja unaona tofauti ya viwanda. Ya Mtaliano ina vipande vingi zaidi, kazi ya kuunganisha bodi unaifanya mwenyewe, na chumba cha rubani kinakudai muda. Faida yake ni uchaguzi. Orodha yao ya helikopta ni ndefu, kuanzia ndogo za upelelezi mpaka Chinook ya mapanga mawili. Angalia pia herufi iliyo mwishoni mwa jina la ndege. UH-1B na UH-1D si kitu kimoja, mume wangu atakukatalia mpaka kesho.

*Anamfaa nani?* Aliyeshamaliza moja na sasa ana hamu ya kazi yenyewe.

Mjerumani: mwalimu mwenye utaratibu

Wifi yangu anayeishi Hamburg alikuja na Revell begini. Kampuni hii asili yake ni Marekani, ila tawi la Ujerumani lilianzishwa mwaka 1956 katika mji wa Bünde. Ninachompendea Mjerumani ni kwamba boksi linakwambia ukweli, maana lina namba ya ugumu kuanzia 1 mpaka 5. Ukiona 5 na hujawahi kushika gundi, rudisha shelfuni.

Yetu ilikuwa EC135 ya njano, helikopta ya uokoaji ya chama cha wenye magari cha huko Ujerumani, ADAC. Binti yetu wa miaka sita aliipenda kuliko zote, maana haina bunduki. Kwa 1/72 mapanga yake ni sentimita 14 tu. Ukiitaka kubwa, Revell wameitoa pia kwa 1/32, na hiyo inafika sentimita 32.

Ila sikiliza. Maboksi mengi hayana rangi wala gundi ndani. Yapo yanayouzwa na kila kitu, lakini rangi za mafuta na gundi ya kuyeyusha plastiki zinashika moto, haziruhusiwi kwenye mabegi ya ndege. Ndugu yako akija, mwagize boksi tupu. Gundi na rangi tafuta kwa mfanyabiashara anayeleta mzigo kwa meli.

*Anamfaa nani?* Familia yenye mtoto, na mtu anayependa kujua anaingia wapi.

Mjapani: mpole asiye na makuu

Hasegawa ilianzishwa mwaka 1941 Shizuoka, mji uleule wa Tamiya. Ndio mji mkuu wa modeli za plastiki Japani, na kila Mei hufanyika maonesho makubwa pale. Mjapani wa baba watoto alipofika alikuwa Hughes 500 ya 1/48, ile ya umbo la yai ambayo jirani zetu Wakenya wanaitumia jeshini. Ndege yenyewe ni ndogo, kwa hiyo hata kwenye skeli hiyo mapanga hayazidi sentimita 17.

Sifa ya Wajapani ni vipande kukaa mahali pake. Unajaribisha bila gundi, vinashikana kama mlango uliotengenezwa na fundi anayejua kazi. Tatizo la ndege ya umbo la yai ni kwamba nusu ya uso wake ni kioo, yaani kosa lako lote linaonekana.

*Anamfaa nani?* Mwenye mkono mtulivu na nyumba ndogo. (Nyumba ya kukaa, jamani!)

Mkorea: wa kuonesha wageni

Academy, iliyoanza mwaka 1969, ina Black Hawk ya 1/35. Hii ni ile helikopta ambayo mbili zake ziliangushwa Mogadishu mwezi Oktoba 1993, na filamu yake karibu kila mtu ameiona. Mapanga yanafika karibu sentimita 47. Ukiiacha milango wazi, viti vya ndani vinaonekana, kwa hiyo huwezi kulipua kazi ukidhani hakuna atakayechungulia. Ilituchukua miezi miwili ya jioni-jioni, na ndiyo iliyo sebuleni sasa hivi.

*Anamfaa nani?* Mwenye subira, nafasi na mshiko kidogo.

Mrusi: jitu la kazi

Zvezda, maana yake nyota, ipo tangu mwaka 1990 katika mji wa Lobnya, jirani na Moscow. Wao ukitaka Mi-8 ndiko nyumbani kwake. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaifahamu, maana ndiyo mojawapo ya zile nyeupe za Umoja wa Mataifa. Hata kwa 1/72 mapanga yake yanafika karibu sentimita 30. Inasimama kwa magurudumu, gurudumu la mbele likiwa puani, na mkia ni mrefu. Usipoweka uzito puani, inakaa kitako kama mtoto aliyesusa. Mume wangu alikwenda soko la samaki Feri akanunua chubwi za wavuvi, akazificha chini ya miguu ya rubani. Dawa!

*Anamfaa nani?* Anayependa vitu vikubwa lakini kabati lake ni dogo.

Boksi jipya, ndani mzee

Hili ndilo lililotuuma mfukoni. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki inaweza kutumika miaka mingi sana, na viwanda huazimana na kuuziana. Tamiya, kwa mfano, huuza kwenye maboksi yake modeli zilizotengenezwa na Italeri, na kalibu nyingi za Matchbox, jina lililovuma zamani, ziliishia kwa Revell. Hakuna ubaya wowote, alimradi ujue unanunua nini. Lakini tulinunua boksi moja, jina la kampuni nalihifadhi, lenye picha mpya inayong'aa. Ndani tukakuta bodi ambayo kushoto na kulia havijuani. Tulipaka puti na kupiga msasa kama mafundi wa gereji.

Omba kuona picha ya vipande vyenyewe, achana na mchoro wa juu. Mistari ya mabati ikiwa imechongwa kwenda ndani, mara nyingi kalibu ni ya karibuni. Ikiwa imeinuka kama makovu, mara nyingi huyo ni mzee.

Niliyojifunza kwa kuharibu

- Usigundishe vioo kwa supagluu. Mimi nilifanya hivyo, kesho yake kioo kilikuwa cheupe kama kimeingia ukungu. Tumia gundi nyeupe ya seremala, ikikauka haionekani.
- Jaribisha kila kipande bila gundi kwanza.
- Mapanga yaache mwisho, tena usiyagundishe. Yakichomoka, kufuta vumbi kunakuwa rahisi. Yetu mawili yaliondoka na kitambaa cha dada wa kazi, na kosa halikuwa lake.
- Fungua madirisha. Gundi ile si ya kuvuta, na mtoto asiiguse.
- Stika huwekwa kwa maji. Usizihifadhi jikoni wala penye unyevu, zinageuka njano.

Na hela je?

Najua ndiko ulikokuwa unanisubiri. Tumeweka bahasha ya tatu ndani ya nyumba. Ya ada haiguswi, ya chakula haiguswi, na hii ya tatu kila mmoja anaweka kidogo mwisho wa mwezi. Ikijaa tunanunua boksi, isipojaa tunangoja. Boksi jipya halifunguliwi kama la zamani halijaisha. Sheria hiyo ni ngumu kwake kuliko Ramadhani, lakini anaishika.

Sikwambii kwamba gundi imeponya ndoa. Bado kuna siku anaingia uani akiwa na sura ya ofisini na hataki kuongea. Ila sasa naenda kukaa naye, napewa msasa na kipande cha mkia, nasugua. Baada ya nusu saa hivi anaanza kusema mwenyewe, macho yakiwa kwenye kibano. Nimesikia mengi kwa njia hiyo, mambo ambayo kwa kumhoji mezani nisingeyapata hata kwa polisi.

Juzi simu ililia tena usiku, yeye akiwa bafuni. Akapaza sauti, "Mama, hebu nisomee!" Nikasoma: "Braza, Mwingereza amefika." Nikajua ni Airfix, kampuni ya mwaka 1939.

Nikamjibu jamaa mwenyewe: "Mwambie angoje. Bahasha haijajaa. Ni mimi mama watoto."