RIPOTI YA SOKO: Guangzhou moja kwa moja au kwa kuunganisha? Hesabu ya nauli haianzii kwenye tiketi

WAFANYABIASHARA wengi wa Manzese, Sinza, Tandika na Mbagala wanaofuata bidhaa China huchagua tiketi kwa kuangalia tarakimu moja tu, nayo ni nauli. Kwa mwenye mtaji mdogo, kosa hilo linaweza kumeza faida yote ya safari.

Njia za kufika Guangzhou kutoka Dar es Salaam ni za aina mbili. Ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja. Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ilipokea ndege yake ya kwanza ya Boeing 787-8, yenye viti 262, Julai 2018, na baadaye ikaanzisha safari ya kwenda mji huo bila kituo cha kati. Ya pili ni kuunganisha: Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, Qatar Airways kupitia Doha au Emirates kupitia Dubai.

Muda unapotelea chini, si angani

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa mstari ulionyooka ni takriban kilometa 8,700. Ukipita Addis Ababa zinakuwa kama 9,800, na ukipita Doha kama 10,000. Tofauti hiyo ni ya saa moja na nusu hivi ya kuruka. Kinachorefusha safari ni kusubiri uwanjani, ambako kunaweza kuwa saa mbili au hata kumi na mbili. Kwa hiyo tiketi mbili za kuunganisha zenye nauli sawa si bidhaa moja. Soma saa za kusubiri kabla ya kulipa.

Kwa nini basi njia ndefu mara nyingi huwa nafuu? Shirika lenye kituo kikuu hukusanya abiria wa Lusaka, Lagos, Entebbe na Dar es Salaam na kuwapakia katika ndege moja ya Guangzhou. Viti vinajaa, na kila abiria anabeba sehemu ndogo ya gharama. Ndege inayotoka Dar moja kwa moja hutegemea zaidi soko la hapa nyumbani. Ndiyo maana safari za namna hiyo huruka siku chache za wiki, na baadhi hufutwa kabisa soko linapopungua. British Airways ilisitisha safari yake ya London na Dar es Salaam mwaka 2013.

Bei ya siku moja

Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kukadiria. Tiketi ya moja kwa moja inazidi ya kuunganisha kwa Sh 150,000, na inaokoa siku moja kwa kwenda na kurudi. Maana yake unainunua siku hiyo kwa Sh 150,000. Mwenye duka la Tandika linalofungwa akisafiri, ambalo faida yake ni Sh 80,000 kwa siku, hana sababu ya kuinunua. Muuza jumla wa Manzese anayepata Sh 300,000 kwa siku anaipata kwa bei ya chini.

Hata hivyo, hesabu hiyo inageuka mara moja ratiba ikikataa. Muuza jumla huyo akimaliza manunuzi Jumatano na ndege ya moja kwa moja ikawa ya Ijumaa, anasubiri siku mbili. Hoteli na chakula kwa Sh 150,000 kwa siku ni Sh 300,000, na faida iliyopotea dukani ni Sh 600,000. Amepoteza Sh 900,000 ili kuokoa siku moja. Kanuni ni rahisi: hesabu siku tangu unapofunga duka hadi unapolifungua tena, si saa za kuruka.

Aidha, fikiria hatari ya ndege kuharibika. Mwaka 2022 na 2023 baadhi ya ndege za ATCL aina ya Airbus A220 zilisimama kwa matatizo ya injini, tatizo lililoyakumba mashirika mengine duniani pia. Shirika lenye ndege chache za masafa marefu likipata hitilafu, ndege ya badala haipatikani haraka. ATCL iliongeza Boeing 787 ya tatu Agosti 2024.

Mtego wa tiketi mbili

Hatari kubwa kuliko zote ni kuunganisha kwa tiketi mbili tofauti ili kupunguza nauli. Ukiwa na tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari. Ukiwa na tiketi mbili, shirika la pili linakuhesabu kuwa hukutokea, na tiketi yako inaweza kupotea. Mara nyingi utalazimika pia kutoka nje kuchukua mizigo na kuikabidhi upya. Nairobi Mtanzania anaingia bila viza. Dubai anahitaji viza.

Kuhusu mizigo, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na China ni wanachama, unaweka kikomo cha fidia. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo hicho ni karibu dola 2,000 kwa abiria. Anayejaza begi simu za dola 5,000 bila kutangaza thamani na kulipia nyongeza, amejibebea mwenyewe hasara ya dola 3,000. Malalamiko ya maandishi yatolewe ndani ya siku 7 kwa begi lililoharibika, na siku 21 kwa lililochelewa.

Nani achague ipi

Anayefuata maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila masika na vuli ya huko, ana tarehe zisizongoja. Ndege ya moja kwa moja inamfaa iwapo siku zake zinalingana na ratiba. Anayenunua pia Deira, Dubai, aunganishe hapo, awe na viza, na aombe tiketi moja yenye ruhusa ya kushuka siku mbili tatu. Asiyejua atamaliza lini manunuzi achague shirika linaloruka kila siku, kwa tiketi moja.

Kabla ya kulipa, mwulize wakala mambo manne: saa za kusubiri, kilo zinazoruhusiwa, gharama ya kubadili tarehe, na kama tiketi ni moja. Asiyeweza kujibu yote manne, nenda kwa mwingine.