Muunganisho wa foleni ya ujumbe

Muunganisho wa foleni ya ujumbe ni njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya programu ya seva na wakala wa ujumbe. Wakala huyo ni programu nyingine inayopokea jumbe, kuzitunza katika foleni na kuzikabidhi kwa programu zinazozisubiri. Seva ikiwa imejengwa kwa moduli, yaani sehemu zenye kazi tofauti ndani ya programu moja, ni lazima ijulikane nani anafungua muunganisho, nani anaufunga na nini kifanyike ukikatika.

Asili

Itifaki ya AMQP ilianza kubuniwa mwaka 2003 na John O'Hara katika benki ya JPMorgan Chase, London. RabbitMQ, wakala anayejulikana sana wa itifaki hiyo, alitolewa mwaka 2007 akiwa ameandikwa kwa lugha ya Erlang. Kwa kawaida husikiliza kwenye poti namba 5672. Maelezo yafuatayo yanamhusu huyo, ingawa mengi yanafaa kwa mawakala wengine pia.

Muunganisho na chaneli

Kufungua muunganisho si kazi ndogo. Kwanza kompyuta mbili husalimiana kwa TCP, kisha programu hutoa jina na nywila, halafu pande zote hukubaliana ukubwa wa fremu na idadi ya chaneli. Pakiti zisizopungua 7 hupita kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa. Kwa hiyo kufungua muunganisho mpya kwa kila ujumbe ni sawa na kujenga daraja kila mtu mmoja anapotaka kuvuka mto.

Kosa la pili halionekani haraka. Kila moduli hufungua muunganisho wake: oda, malipo, barua pepe, ripoti. Programu yenye moduli 12 ikiendeshwa katika nakala 20, wakala analazimika kuhudumia miunganisho 240, na kila mmoja unakula kumbukumbu yake.

AMQP ina dawa yake, nayo ni chaneli. Chaneli nyingi hupita ndani ya muunganisho mmoja kama nyaya nyingi ndani ya bomba moja. Sehemu moja ya programu huumiliki muunganisho, na kila moduli huomba chaneli yake. Kuna faida nyingine: moduli ikituma ujumbe mahali pasipokuwepo, wakala huifunga chaneli hiyo tu, na moduli nyingine huendelea na kazi. Chaneli moja isitumiwe na kazi mbili zinazotuma kwa wakati mmoja, kwani fremu zao zinaweza kuchanganyika.

Hata hivyo, miunganisho miwili ni bora kuliko mmoja: wa kutuma na wa kupokea. Kumbukumbu ya RabbitMQ ikikaribia kujaa, huacha kusoma miunganisho inayotuma jumbe. Kama mpokeaji anatumia muunganisho huohuo, uthibitisho wake wa kupokea nao hukwama, na foleni haipungui wakati ambapo ingepaswa kupungua.

Muunganisho ukikatika

Waya ukikatika kimyakimya, TCP peke yake inaweza kuchukua dakika kadhaa kugundua. Ndiyo maana pande mbili hutumiana fremu ndogo ziitwazo mapigo ya moyo. Muda wa kawaida katika RabbitMQ ni sekunde 60. Programu inapojaribu kuunganisha tena, iongeze muda wa kusubiri baada ya kila jaribio na kuubadilisha kidogo kwa bahati nasibu, nakala zote 20 zisije zikamvamia wakala kwa pamoja.

Kurudisha muunganisho hakutoshi. Chaneli hufunguliwa upya, na wapokeaji hujiandikisha upya. Jumbe zilizokuwa hazijathibitishwa hurudi katika foleni na kutolewa tena. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Moduli ya malipo ikimtoza mteja, kisha muunganisho ukatike kabla haijathibitisha, ujumbe uleule utarudi na mteja anaweza kutozwa mara mbili. Wakala hana kosa, kwani hana njia ya kujua kwamba kazi imekwisha kufanyika. Ulinzi uko kwa mpokeaji: kila ujumbe uwe na namba yake ya pekee, na namba hiyo iandikwe katika hifadhidata kabla ya kutoza. Ikiwa anayetoza ni kampuni nyingine, apewe namba hiyohiyo ili naye aweze kukataa ombi la pili.

Kuzima programu

Seva inapozimwa, mfano wakati wa kuweka toleo jipya, mpangilio ni muhimu. Mpokeaji huacha kuchukua jumbe mpya, humaliza zilizo mkononi na kuzithibitisha. Kisha chaneli hufungwa, halafu muunganisho. Hifadhidata hufungwa mwisho, kwa sababu kazi inayomaliziwa bado inaihitaji.