Michoro ya Grant Ihojiwe na Wenye Nchi

Msafiri aendaye Karagwe leo hupandia basi Mbezi Luis, na urefu wa safari yake huhesabiwa kwa saa. Kepteni James Augustus Grant, Mskoti, aliondoka Bagamoyo kwa miguu pamoja na John Hanning Speke mwezi Oktoba 1860. Walifika kwa Mukama Rumanika wa Karagwe Novemba 1861.

Grant alikuwa askari, na pia mchoraji. Mwaka 1860, kabla ya kuvuka kuja bara, alipiga picha Unguja kwa kamera, zikiwemo za soko la watumwa. Huko bara, joto la hema la kusafishia picha lilikuwa kali mno. Speke akamshauri aiache kamera, ashike kalamu na rangi. Ugonjwa wa mguu ulimweka Karagwe hadi Aprili 1862, ilhali mwenzake alikwisha kutangulia Buganda.

Leo karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Kwa nini zituhusu? Picha nyingi za kitabu cha Speke cha mwaka 1863 zilitokana na michoro hiyo, lakini wachoraji wa Ulaya, ambao hawakuiona nchi hii, walizichora upya kabla ya kuchapishwa. Hivyo picha tulizozoea kuziona vitabuni zimepita mikono miwili. Sisi tuliokaa chuoni tulifunzwa kwamba habari hupimwa kwa kumwangalia aliyeipokea na aliyeifikisha. Kanuni hiyo yafaa hapa pia: turejee asili.

Hata asili yenyewe ni ushahidi wa mtu mmoja, na shahidi hana budi kuulizwa maswali. Mzee wa Karagwe aweza kutambua ngoma, mkuki au msuko wa nywele ambao Grant aliuona tu bila kuujua. Tena, katika msafara huo alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, kisha akapata uhuru. Yeye ndiye aliyezijua njia na lugha. Lakini safari ile twaisoma kwa kalamu za wageni, si kwa kalamu yake.

Kwa hiyo wajibu wetu ni wa namna mbili. Kwanza, wakuu wa idara za nyaraka, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba nakala za michoro hiyo zinafika Unguja, Tabora na Karagwe, zikaonyeshwe kwa wananchi, na maelezo ya wazee yaandikwe kando yake. Kuzifungia kabatini hakutamfaa mtu.

Pili, tutazame majumbani mwetu. Mchoraji wa vibao vya maduka, fundi wa nakshi za milango, mpiga picha wa mtaani: hao nao wana madaftari na karatasi zao. Wakifa, karatasi hizo hufungiwa maandazi. Taifa linalotupa karatasi zake lisishangae likilazimika kujisoma katika karatasi za wengine.