Mabaki ya Chakula: Kutoka Jikoni Hadi Shambani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikabidhi serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Hata hivyo, kazi hiyo huanzia jikoni. Maganda ya ndizi, makombo ya ugali na mabaki ya mboga yakichanganywa na chupa na makopo, huoza, huvuta nzi na kuchafua vitu ambavyo vingeweza kurejelezwa.

Kila kaya ya Runzewe inashauriwa kutenga vyombo viwili: kimoja chenye mfuniko kwa taka zinazooza, kingine kwa taka kavu. Chupa za plastiki na vyuma chakavu huuzwa kwa wanunuzi. Zinazobaki hupelekwa mahali palipotengwa.

Taka zinazooza hugeuzwa mboji. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima. Panga tabaka la majani makavu, kisha mabaki ya chakula, samadi na udongo kidogo. Nyama, mifupa na mafuta visiwekwe, kwani huvuta panya na mbwa. Rundo liwe na unyevu bila kutiririka maji, na ligeuzwe kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi 3 hivi, mboji iliyoiva huwa nyeusi na hunukia udongo.

Tahadhari: udongo usichukuliwe kwenye mialo ya dhahabu wala kwenye marudio. Huweza kuwa na zebaki, sumu isiyooza. Ikiingia katika mboji, hufika bustanini.